Kilicho Chini ya Kiti cha Nyuma

Masomo: Kutoka 21:28-36, Ezekieli 13:10-15

Wengi wenu mnajua Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika, na ukinipigia simu siku hiyo mara nyingi nashika kwa mkono umejaa grisi. Wengine mmeniuliza, "Pasta, hiyo gari itaisha lini?" Leo nitawaambia habari zake, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo limeninyima usingizi, na naona ni swali la kila mtu ambaye amewahi kuuza kitu, iwe ni shamba, ng'ombe, simu au debe la maharagwe. Swali ni hili: kama mnunuzi hajauliza, je, ni lazima nimwambie?

Gari yenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka wa 1971. Ilikuwa ya marehemu baba yangu. Aliinunua kwa mwalimu mwenzake ikiwa tayari ni mzee, na ndiyo iliyotupeleka kanisani, shuleni, hospitalini, na mara moja hadi Mombasa tukiwa watoto wanne nyuma na mbuzi mmoja wakati wa kurudi. Baba alipenda kutukumbusha kwamba Safari Rally ya 1962 ilishindwa na Volkswagen, na alivyosimulia ungedhani yeye ndiye aliyekuwa ameshika ramani. Alipofariki tuliisukuma chini ya mti wa avokado, tukaifunika turubai, ikakaa hapo miaka sita. Kuku walitaga ndani.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuifufua. Mimi si fundi, nilisomea biashara. Lakini Beetle ni gari ya mtu asiye na karakana. Injini iko nyuma na hupozwa na hewa, kwa hivyo hakuna rejeta wala maji ya kuvuja. Imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne. Ukishatoa nyaya, kebo ya eksileta na mpira wa petroli, wewe na jirani mmoja na jeki nzuri mnaishusha chini kabla ya chai ya saa nne. Oili ni lita mbili na nusu, na haina filta ya karatasi, ni chujio la waya tu ambalo unaosha na kulirudisha. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya milimita 0.15, kwa kile kibamba chembamba cha chuma. Kwa hivyo mimi huzipima Jumatatu alfajiri watoto wakiwa bado wamelala. Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni mpira wa petroli. Tangi liko mbele, injini iko nyuma, na kipande cha mwisho cha ule mpira hupita karibu na moto. Beetle nyingi zimeungua kwa sababu ya mpira wa bei ya chakula cha mchana. Kama unayo moja nyumbani, nenda uangalie leo.

Vipuri si shida. Gari hizi zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka wa 2003. Nimezunguka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na mara chache sana nimerudi mikono mitupu. Siku injini iliponguruma kwa mara ya kwanza, mama yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni bila kusema neno. Nilidhani kazi imeisha.

Basi Jumatatu moja nilitaka kutoa gurudumu la nyuma nikague breki. Nikaweka jeki mahali pake, chini ya boriti ya pembeni iliyo chini ya mlango, nikaanza kupandisha. Jeki ikapanda, gari isipande. Nikasikia sauti kama mtu anayekanyaga majani makavu. Kuinama, naona jeki imezama ndani ya chuma.

Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma. Asidi ikivuja kidogo kidogo, hula rangi, na rangi ikishaisha, maji na hewa vinaingia kazini. Nilitoa kiti, nikatoa betri, nikachukua bisibisi nikaigusisha sakafu. Ikaingia hadi mpini. Kutu ilikuwa imetoka pale kwenye betri ikatembea hadi kwenye ile boriti ya pembeni. Na ile boriti si pambo. Ndiyo bomba linalopitisha hewa ya moto kwenda mbele, na pia ndiyo uti wa mgongo wa bodi upande ule. Ukigongwa ubavuni, hiyo ndiyo iliyo kati yako na mwenye kukugonga.

Kuitengeneza vizuri ni kukata sakafu iliyooza, kununua kipande kipya, kukichomelea, na kufanya vivyo hivyo na boriti. Nilipiga hesabu, nikazima tochi. Muhula ulikuwa unakaribia, karo ya watoto wawili ikiningoja. Digrii yangu inanifundisha jambo moja muhimu: pesa uliyokwisha kutumia imezama, usiifuate majini. Nikaamua kuuza.

Mtaani kwetu kuna fundi wa bodi, mzee mwenye mikono ya ajabu. Alikuja, akaangalia, akacheka. "Pasta, hii si kitu. Hapa tunapiga bati jembamba, tunajaza fila, tunapaka ile rangi nyeusi ya chini. Hakuna mtu ataona."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia hapana. Nilimwambia, "Fundi, fanya vile unaona ni sawa." Kisha nikaingia nyumbani kuandaa somo la ibada ya katikati ya wiki.

Alifanya. Kazi safi. Ukipapasa hungejua chuma kimeishia wapi na fila imeanzia wapi.

Baada ya wiki mbili hivi, kijana mmoja wa hapa hapa kanisani alinijia. Ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje jina. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu, na chama chao kilikuwa kimemkubalia mkopo. Wazo lake lilikuwa zuri: apambe Beetle kwa maua na utepe, aikodishe kwa maharusi kila Jumamosi. Aliizunguka gari mara mbili, akafungua milango, akawasha, akatabasamu. Nikamwambia, kwa kutimiza wajibu, "Ndugu yangu, ukitaka unaweza kuleta fundi wako aiangalie."

Akasema, "Ah, si ni yako Pasta? Nitaleta fundi wa nini?"

Akanipa dipoziti, shilingi 40,000. Nikaipokea.

Usiku ule nilianza kesi na nafsi yangu, na lazima niseme nafsi yangu ilikuwa na wakili mzuri. Hoja ya kwanza: hajauliza. Ya pili: kila mtu anajua gari ya zaidi ya miaka hamsini haikosi kutu, na bei ya 350,000 imelizingatia hilo. Ya tatu: ni mtu mzima, nimempa nafasi ya kuleta fundi, amekataa mwenyewe. Ya nne, ambayo wauzaji wote wanaipenda: wanunuzi nao si malaika. Mithali 20:14 inamweleza mnunuzi anayeponda bidhaa mbele ya muuzaji kisha anaondoka akijisifu. Kama yeye ana haki ya kunyamazia faida yake, mbona mimi nisinyamazie hasara yangu? Hata sheria ya biashara tuliyosoma chuoni ilikuwa na msemo wa zamani wa Kilatini unaomtaka mnunuzi ajihadhari, na ulinzi mwingi ambao sheria humpa unamhusu anayeuza kama kazi yake, si mtu anayeuza gari ya babake mara moja.

Swali hili ni la zamani sana. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasheria wa Roma, alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens kitabu kizima juu ya wajibu. Ndani yake ameweka mifano miwili ambayo tulijadili katika somo la maadili ya biashara, na ndio ulionirudia usiku ule. Mfanyabiashara ametoka Alexandria na meli ya nafaka, amefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua meli nyingine zimeshang'oa nanga na ziko njiani. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Mfano wa pili: mtu anauza nyumba. Watu wanadhani ni nyumba nzuri yenye afya, lakini yeye peke yake anajua ina wadudu vyumbani na mbao zake ni mbovu, zinaweza kuanguka. Cicero anawaleta walimu wawili wabishane. Diogenes anasema, kwani alikulazimisha kununua? Antipater anajibu kwamba kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua ni kama kumwona mtu aliyepotea ukakataa kumwonyesha njia, na hata ni vibaya zaidi. Cicero mwenyewe anaamua kwamba wote wawili, wa nafaka na wa nyumba, walipaswa kusema.

Mimi kwenye nafaka sikubaliani naye kabisa. Nafaka ya yule mtu ilikuwa nzuri. Meli zinazokuja si kasoro iliyo ndani ya gunia lake. Mama anayeuza sukuma wiki sokoni halazimiki kuniambia kwamba kesho lori litafika kutoka Kinangop na bei itashuka. Akiniambia, Mungu ambariki. Asiponiambia, sitamwita mwizi. Kuna mambo ya soko ambayo kila mtu anayatafuta kwa macho yake. Najua wengine mtanipinga hapo, na mnaweza kuwa na haki, hasa kukiwa na njaa kweli.

Lakini nyumba ile ni Beetle yangu. Na Cicero ana jambo moja alilolitambua vizuri: kunyamaza si lazima iwe ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka mtu asijue, wakati angefaidika kujua, na wewe unapata kwa sababu hajui. Nilijipima kwa hilo nikaona naenea kama kofia. Mkwaruzo wa mlangoni sikuutaja, lakini unaonekana, na yeye ana macho. Ya chini ya kiti hayakuonekana kwa sababu nilikuwa nimelipa ili yasionekane. Risiti ya fila ilikuwa mfukoni mwangu.

Asubuhi nilifungua Kutoka 21. Tunaipita haraka sura hiyo, tunaona ni habari za ng'ombe tu. Lakini angalia. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Ni ajali. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, na hakumfunga, hukumu inamgeukia mwenye ng'ombe, na ni nzito sana. Ng'ombe ni yule yule. Pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alijua. Kabla ile jeki haijazama, ningeweza kumuuzia yule kijana gari ile kwa dhamiri safi, na kama ingemwangusha tungelia pamoja. Baada ya jeki kuzama nilikuwa mtu mwingine mbele za Mungu, ingawa gari ilikuwa ile ile. Mistari michache mbele kuna habari ya mtu anayechimba shimo asilifunike. Mimi nililifunika, lakini kwa majani, ili mtu apite juu.

Najua wengi mmeshakumbuka yale makaburi yaliyopakwa chokaa ya Mathayo 23. Mimi nilichomwa zaidi na Ezekieli 13. Pale kuna ukuta dhaifu, na watu wanaoupaka chokaa uonekane imara, na mvua inakuja. Ukuta unapoanguka, watu wanauliza iko wapi ile chokaa mliyopaka. Na maneno yale hayakusemwa kwa wafanyabiashara. Yalisemwa kwa manabii, kwa watu wa kazi yangu. Yule kijana hakuniamini kwa sababu ya ujuzi wangu wa valvu. Aliniamini kwa sababu ananiona madhabahuni. Kwa hiyo nilikuwa nauza vitu viwili kwa bei ya kimoja, na kile cha pili hakikuwa changu.

Na kuna jambo la kifundi ambalo nilijifunza baadaye. Fila haizuii kutu. Maji yakipenya hukaa pale nyuma yake, yamebanana na chuma, na kutu inaendelea kula gizani kwa raha zake kuliko ingekuwa wazi kwenye hewa. Kwa hiyo hata ile hoja kwamba "angalau nimeipunguza" haikuwa kweli. Gari ilikuwa bora siku ile bisibisi ilipoingia hadi mpini kuliko siku niliyoipokea kutoka kwa fundi.

Nilimpigia simu kijana aje jioni. Alikuja na mchumba wake, jambo ambalo sikulitarajia. Nikatoa kiti cha nyuma, nikatoa betri, nikachukua nyundo na bisibisi, nikaanza kugonga. Fila ilitoka vipande vikubwa kama maganda ya yai. Bati likaonekana, na kando ya bati, ardhi. Kupitia kwenye sakafu ya gari tuliona nyasi.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri kuhusu nuru na giza, nikayasahau yote. Kijana aliinama akaangalia sana. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Pasta, ulijua lini?"

Wapendwa, nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilikuwa nimekuja kupokea sifa ya mtu mkweli. Nikamwambia, "Kabla hujanipa pesa yako."

Akatikisa kichwa polepole. Nikamrudishia 40,000 yake, akazihesabu. Sikumlaumu kwa kuhesabu. Mchumba wake alinishukuru, na ile shukrani ilinichoma kuliko lile swali. Wakaondoka kwa miguu hadi stejini. Mwezi ule wote alikuwa akikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, yeye ambaye alikuwa haachi kiti cha pili. Sasa amerudi katikati. Hatujaongea tena habari za magari.

Hapa ndipo nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu shuhuda nyingi tunazotoa huishia vizuri kupita kiasi. Tunasema nilisema ukweli, Mungu akafungua mlango, mnunuzi mwingine akaja na pesa mara mbili. Mimi sina ushuhuda huo. Nilisema ukweli ukiwa umechelewa wiki kadhaa, na ukweli uliochelewa nao una bei yake. Karo nililipa kwa mkopo wa sako, naendelea kuulipa. Na mke wangu, ambaye nilikuwa sijamwambia habari za fila, aliuliza swali lile lile la kijana.

Kulikuwa na mtu mmoja amebaki. Nilikwenda kwa yule fundi nikamwomba msamaha. Alishangaa. Akaniuliza kosa ni gani, kwani kazi ilikuwa mbaya? Nikamwambia hapana, kazi ilikuwa nzuri, kosa ni kwamba nilitumia mikono yako kufanya kitu ambacho mdomo wangu ulikuwa unaogopa kukitaja. Alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri kidogo, akasema, "Pasta, lakini hakuna mtu huniambia nifiche. Wote huniambia nifanye vile naona ni sawa. Daktari, mwalimu, mzee wa kanisa. Ni hivyo tu huniambia."

Nimeyafikiria sana maneno hayo ninapokaa kwenye vikao. Ni mara ngapi tunampa karani, dereva au mfanyakazi wa nyumbani kazi chafu kwa sentensi safi namna hiyo? Unamwambia tu maliza hiyo kitu, sitaki kujua ni vipi.

Sasa gari iko pale pale chini ya mti wa avokado. Yule mzee na mimi tumekata sakafu yote upande wa betri, na amenifundisha kuchomelea, ingawa mistari yangu bado inafanana na njia ya konokono. Tumeweka kipande kipya. Boriti ya pembeni bado, ninangoja pesa. Nimepiga picha kila hatua, hata zile za aibu, na atakayekuja kuinunua ataziona kabla hajawasha injini.

Kwenye ubao wa matangazo hapo mlangoni nimebandika karatasi mpya. Imeandikwa: Beetle 1300, 1971. Injini nzuri, breki nzuri, mpira wa petroli mpya. Sakafu upande mmoja imechomelewa na mwenye gari ambaye si fundi. Boriti ya chini ya mlango imeoza, haijatengenezwa, isiendeshwe barabarani kabla ya kutengenezwa. Bei tutaongea.

Leo ni Alhamisi. Bado hakuna aliyepiga simu.